Matairi na rimu za pikapu ya kuvuta trela zito: anzia kwenye mizani

Wengi wanaotaka pikapu yao ivute vizuri huanza na macho. Wanatafuta rimu pana na matairi ya meno makubwa, gari lisimame kibabe. Lakini trela la tani tatu likianza kuyumba nyuma yako kwenye mteremko, utahitaji ubavu wa tairi uliokaza, rimu iliyokaa sawasawa kwenye habu (kitovu kinachoshika gurudumu), na upepo unaolingana na mzigo. Mambo hayo matatu hayaonekani kwa kulitazama gari kwa mbali. Kazi yenyewe ina mpangilio wake, na ukiuruka unaweza kununua vitu viwili vya bei kubwa visivyokubaliana.

Kabla ya yote, fahamu kwamba matairi imara hayaongezi uwezo wa gari. Mwisho wa mzigo umewekwa na fremu, ekseli, springi, beringi, breki na upoozaji wa injini. Ukifunga matairi ambayo kila moja linabeba kilo 1,450, ekseli iliyotengenezwa kubeba kilo 1,700 inabaki kuwa ya kilo 1,700. Unachonunua ni akiba: tairi linalofanya kazi chini ya kiwango chake halichemki haraka, halilegei ubavu kwenye kona, na gari halipepesuki kila linapopishana na lori.

Hatua ya 1: Jua kila ekseli inabeba kilo ngapi

Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Kinataja uzito wa juu wa gari zima, uzito wa juu wa ekseli ya mbele na ya nyuma, saizi ya matairi yaliyotoka na gari, na upepo wake. Piga picha kibandiko hicho, utakihitaji mpaka mwisho wa kazi.

Kisha nenda kwenye mizani ya magari ukiwa umepakia kama unavyosafiri kweli: tangi limejaa, abiria wamo, mzigo uko kwenye bodi, trela limefungwa na limepakiwa. Pima ekseli ya mbele peke yake, halafu ya nyuma, halafu trela. Ikiwezekana pima na upande mmoja mmoja, kwa sababu mizigo huwa haikai katikati, na tairi la upande mzito ndilo linalotangulia kupasuka.

Wengi hukosea hesabu ya kiungo cha trela. Kwa trela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukalia kiungo. Trela la kilo 3,500 litakandamiza kiungo kwa kilo 350 au zaidi. Mtu husema basi nimeongeza kilo 350 kwenye ekseli ya nyuma. Sivyo. Kiungo kiko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kinafanya kazi kama ncha ya mti ulioegemezwa kwenye jiwe: ukiibonyeza, ncha ya pili inapanda. Chukua pikapu ambayo umbali kati ya ekseli zake ni mita 3.1, na kiungo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha kilo 350 kwa 4.3, gawanya kwa 3.1, unapata takriban kilo 485 kwenye ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 135, na ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi mara tu unapofunga trela.

Sasa jumlisha. Tuseme nyuma ya gari tupu ina kilo 900, abiria wa nyuma na mizigo ya bodi wameongeza 400, na kiungo kimeleta 485. Jumla ni kilo 1,785. Kibandiko kikisema mwisho wa ekseli ya nyuma ni kilo 1,700, umeshapita, na hakuna tairi litakalokuponya. Toa mzigo kwenye bodi uupeleke kwenye trela juu ya ekseli zake, au weka kiungo chenye vyuma vya kusambaza uzito kama gari lako linaruhusu, ambacho hurudisha sehemu ya uzito mbele. Usijaribu kupunguza uzito wa kiungo kwa kusogeza mzigo nyuma ya trela. Trela lililo jepesi mbele ndilo linaloanza kuyumba na kulipindua gari zima.

Ukishakuwa ndani ya mipaka ya gari, gawanya uzito wa ekseli ya nyuma kwa mbili, kisha ongeza asilimia 20 ya akiba. Ekseli ya kilo 1,700 inatoa kilo 850 kwa kila tairi. Pamoja na akiba ni kilo 1,020. Hiyo ndiyo namba unayokwenda nayo dukani.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi mpaka uuelewe

Inama usome tairi lenye maandishi haya: LT265/70R17 121/118S. Herufi LT zinamaanisha limetengenezwa kwa magari ya mizigo mepesi. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. R ni radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hapo wengi huacha kusoma, na hapo ndipo penye habari unayoitaka.

121 ni namba ya mzigo: kilo 1,450 kwa tairi moja. 118, yaani kilo 1,320, ni kwa magurudumu pacha, matairi mawili upande mmoja. Namba nyingine utakazokutana nazo ni 112 kwa kilo 1,120, 115 kwa kilo 1,215, 120 kwa kilo 1,400, 123 kwa kilo 1,550 na 126 kwa kilo 1,700. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R 170, S 180, T 190. Kwa mvutaji herufi hiyo si ya kukukosesha usingizi, ila usishuke chini ya ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Karibu na hapo utaona herufi ya nguvu za tairi, ambayo mafundi huita plai. C ni plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Si kwamba kuna nyuzi kumi zimepangwa ndani; ni kipimo cha nguvu kilichobaki kutoka enzi za matairi ya pamba. Kikubwa ni upepo ambao tairi linaweza kushika: kwa kawaida C huishia psi 50 (paundi kwa inchi ya mraba), D 65 na E 80. Kwa uvutaji mzito wa mara kwa mara, mimi nachagua E. Ubavu wake ni mgumu, na ugumu huo ndio unaozuia mkia wa gari kucheza. Gharama yake ni gari kuwa gumu linapokuwa tupu, na tairi kuwa zito.

Usilinganishe tairi la LT na tairi la kawaida kwa namba ya mzigo tu. Tairi la kawaida la 265/70R17 lenye namba 115 linaonekana kubeba kilo 1,215, na mtu anaweza kuridhika nalo. Kanuni za Marekani zinataka tairi la gari dogo likifungwa kwenye pikapu mzigo wake ugawanywe kwa 1.1, kwa sababu pikapu hupakiwa na kutikiswa zaidi. Hapo linabaki la kilo 1,105 hivi. Bado linapita kilo 1,020 za mfano wetu, lakini kwa kidogo tu, na ubavu wake ni mlaini.

Tazama pia umri. Tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho: 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa stoo miaka mitano lina meno mapya na mpira uliozeeka. Likatae.

Hatua ya 3: Chagua saizi na aina ya meno

Ushauri wangu ni mfupi: baki na kipenyo cha nje kilichotoka na gari, au karibu nacho kabisa. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. Ukipanda hadi 285/70R17 unafika 831, yaani asilimia 7 zaidi. Kipima mwendo kitakuambia 80 wakati unakwenda karibu 86. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba tairi kubwa linainyang'anya injini nguvu ya kusukuma: difu (gia za ekseli) yenye uwiano wa 3.91 inafanya kazi kana kwamba ni 3.65. Kwenye mlima ukiwa na trela, giaboksi itahangaika kutafuta gia na mafuta yake yatapanda joto. Breki nazo zinapata kazi zaidi, kwa sababu zinazuia gurudumu zito lenye mkono mrefu. Atakayesisitiza matairi makubwa abadilishe na difu, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Rimu kubwa yenye ubavu mfupi, kwa mfano inchi 20, husaidia gari kujibu usukani haraka, lakini shimo moja likikupata ukiwa umepakia, ubavu mfupi hauna pa kukunjikia na rimu ndiyo inayopokea pigo. Inchi 17 au 18 ni nzuri kwa kazi, mradi rimu isigusane na breki.

Kuhusu meno: anayevuta zaidi kwenye lami achukue meno ya barabara kuu. Anayechanganya lami na vumbi achukue ya mchanganyiko. Meno makubwa ya matope yaache kwa anayeyahitaji kweli. Vipande vyake virefu hujipinda chini ya mzigo, hutoa joto, na kwenye lami yenye maji breki zake hazitoshi.

Hatua ya 4: Rimu

Rimu ina uwezo wake wa kubeba, tofauti na wa tairi, na ni wachache wanaouliza. Geuza rimu utazame mgongoni, kwenye mikono au kuzunguka tundu la katikati. Utaona mzigo wa juu umepigwa chapa, mara nyingi kwa paundi: 2500 LB ni kilo 1,134. Ukifunga tairi la kilo 1,450 juu ya rimu ya kilo 1,134, una gurudumu la kilo 1,134. Rimu isiyo na chapa yoyote ya mzigo usiifunge kwenye gari la kuvuta, hata ikiwa nzuri vipi. Alama ya Kijapani JWL-T ni dalili nzuri, kwa sababu ni kiwango cha rimu za malori na mabasi. JWL peke yake ni ya magari madogo.

Baada ya mzigo, hakikisha inakaa. Idadi ya matundu na duara lake lazima vilingane: 6×139.7, yaani matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, inapatikana kwenye pikapu nyingi, na zile nzito huwa na matundu manane. Lakini matundu kulingana hakutoshi. Toyota Hilux na Ford Ranger ya kuanzia 2011 zote ni 6×139.7, ila tundu la katikati la Hilux ni milimita 106.1 na la Ranger ni 93.1. Rimu ya Ranger haitaingia kwenye Hilux. Ya Hilux itaingia kwenye Ranger bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo: inaelea ikiwa na nafasi ya milimita 6.5 kila upande wa habu, inashikiliwa na nati peke yake, na usukani utatetemeka hata ukifanya balansi mara ngapi.

Kipimo kinachoandikwa ET kinaonyesha rimu inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani. Kutoka ET30 hadi ET0 gurudumu linatoka nje milimita 30 kila upande. Gari linapendeza, lakini mkono unaobonyeza beringi umerefuka, usukani unavutwa na kila shimo, na tairi linaweza kukwangua madigadi unapopakia. Baki karibu na ET ya awali. Kwa sababu hiyohiyo, vile vipande vya kusukumia rimu nje sivitaki kwenye gari la kuvuta.

Upana wa rimu uwe ndani ya kiwango cha tairi. Kwa LT265/70R17 ni inchi 7 hadi 8.5. Kuhusu madini, chuma hujipinda kabla ya kupasuka na hunyooshwa, alumini ya kumimina ni nyepesi lakini hupasuka ikipigwa vibaya, na ya kufuliwa ni imara kuliko zote na ghali kuliko zote.

Hatua ya 5: Valvu

Hiki ni kitu kidogo sana, na ndiyo maana husahaulika. Valvu ya kawaida ya mpira inayochomekwa kwa kuvutwa imekadiriwa kushika psi 65. Tairi la E linajazwa mpaka 80. Mwambie fundi afunge valvu za upepo mkubwa au za chuma zinazokazwa kwa nati, na umwone akizifunga. Kama gari lina vihisi vya upepo ndani ya rimu, uliza kama shina la kihisi nalo linastahimili upepo huo. Kumbuka pia kwamba kihisi kilipangwa kwa upepo wa zamani: huenda kisikuonye tairi lako lishukapo kutoka 70 hadi 45, ingawa kwa mzigo ulionao hilo ni tairi bovu.

Hatua ya 6: Kufunga

Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, gurudumu la upande wa pili limewekewa kabari. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki, na uweke stendi chini ya fremu.

Chukua brashi ya waya usugue uso wa habu mpaka chuma kionekane. Kutu na rangi vikibaki kati ya habu na rimu hupondeka baada ya safari chache, nati zikabaki zimelegea bila mtu kuzigusa. Tazama umbo la nati: nyingine zina koni, nyingine zina mviringo, nyingine ni bapa na zina washa. Kila umbo lina kiti chake kwenye rimu. Nati ya koni kwenye kiti bapa inagusa ukingo tu, na hutaijua kwa kuikaza. Rimu za alumini nene huhitaji nati ndefu zaidi. Hesabu mizunguko ambayo nati inaingia kwenye stadi (boliti ya habu), na kina cha kushika kisipungue upana wa stadi yenyewe.

Anza nati kwa mkono, zikaze kwa kuvuka, kamwe usizungukie duara. Bunduki ya upepo iishie kwenye kusogeza. Kukaza kwa mwisho kufanywe kwa spana yenye kipimo, kwa namba ya kitabu cha gari. Stadi za milimita 12 huangukia kati ya Nm (nyutoni-mita) 100 na 135, za milimita 14 zinakwenda juu zaidi. Stadi ziwe kavu. Ukipaka grisi, spana itaonyesha namba ileile huku stadi ikivutwa kupita kiasi. Halafu fanya balansi na alaimenti. Spea nayo iwe saizi ileile, hasa kwenye gari la magurudumu manne.

Hatua ya 7: Upepo

Namba ya upepo ya mlangoni iliandikwa kwa tairi lililotoka na gari. Ukibadili kwenda LT, namba hiyo imepitwa, na hapa matairi mengi mazuri yanaharibika bure. Tairi la kawaida la 265/70R17 lenye namba 115 hufikia kilo zake 1,215 kwa takriban psi 36. LT ya saizi hiyohiyo ikiwa na psi 50 inabeba kilo 1,120. Kwa hiyo mtu aliyetoa la kawaida akafunga la LT, kisha akaacha upepo wa 35, ameteremsha uwezo wa gari lake wakati anaamini ameupandisha. Ubavu unajikunja, joto linapanda, na baada ya saa kadhaa barabarani uso wa tairi unaanza kubanduka.

Tafuta jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji wa tairi, weka uzito uliopima kwenye mizani, usome upepo wa ekseli ya nyuma na wa mbele. Usiende chini ya kibandiko hata jedwali likiruhusu. Pima asubuhi, gari likiwa limesimama muda wa saa tatu au zaidi. Barabarani upepo utapanda kwa psi kadhaa. Hiyo ni kawaida, jedwali limeshahesabu hilo; usiupunguze tairi likiwa la moto. Ukirudi kutembea bila mzigo, shusha upepo wa nyuma, la sivyo katikati ya meno itakwisha mapema na gari litateleza kwenye mvua.

Hatua ya 8: Safari za kwanza

Tembea kilomita 800 hivi bila mzigo mzito, matairi mapya yatulie. Kaza upya nati kati ya kilomita 80 na 160 za mwanzo, na tena baada ya kuvuta kwa mara ya kwanza.

Safari ya kwanza na trela, simama baada ya kilomita 40 hivi na uzunguke gari. Weka mgongo wa mkono karibu na kila tairi, kisha karibu na kila habu. Tairi moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa ekseli ileile, pima upepo wake. Joto likiwa kwenye habu kuliko kwenye mpira, shuku beringi au breki inayoshika, na usiendelee mpaka ijulikane. Tazama ndani ya madigadi kama kuna alama za kukwaruzwa.

Mwisho, pitia matairi ya trela kwa kipimo kilekile. Yaliyoandikwa ST, yaani ya trela pekee, bila herufi ya mwendo yalikusudiwa kilomita 105 kwa saa, hata kama pikapu yako inaweza kwenda zaidi. Trela husimama miezi juani, kwa hiyo soma DOT kabla ya kusoma meno, na uangalie nyufa ndogondogo chini ya ubavu karibu na rimu. Jaza upepo wa juu ulioandikwa ubavuni, ukipima kwa baridi. Hakikisha una spea ya trela, spana inayoingia kwenye nati zake, ambazo mara nyingi si za saizi ya pikapu, na jeki inayoweza kuliinua likiwa limejaa.